Ukili Mmoja Mmoja

Gunia la Shaame Khatib lilishapimwa.
Kilo arubaini na tatu na nusu, kavu, makonyo yametolewa.
Karani kabonyeza. Shaame kakunjua kiganja
asubiri risiti.

Risiti haikuja.

Printa kimya. Nyuma ya Shaame foleni
imetoka mlangoni, imepinda kwenye karo la maji,
watu wa Konde na Tumbe, magunia miguuni,
na karani ananitazama mimi
kama atazamwavyo fundi paa mvua ikiwa ndani.

Sababu niliijua kabla sijaiona.
Faili la hifadhidata limejaa, linajiongeza:
megabaiti moja.
Likajaa. Moja tena.
Na kila linapojinyoosha, wote husimama,
mzani, karani, mpagazi na mzigo begani,
hadi diski imalize kuandika sifuri, sifuri, sifuri
kwenye kile kipande kipya kisichotosha magunia mia.

Nikamkumbuka Bi Sichana, jirani yetu Micheweni,
siku ya arusi ya mwanawe.
Mkeka haujesha, wageni wako ugani.
Akashona ukili mmoja, akaketi mtu mmoja.
Akashona wa pili, akaketi wa pili.
Wa tatu alikuwa mnene.
Pilau ikapoa, bwana arusi akapiga miayo,
na hadi leo mtu akikawia mtaani kwetu huulizwa:
"Unatushonea mkeka?"

Na aliyeweka megabaiti moja ni nani?
Mimi, Riziki binti Mbarouk, mwezi wa pili,
ghala tupu, mna fagio na harufu ya mwaka jana.
Niliiacha kama ilivyokuja.
Nilisema litajikuza lenyewe.
Haba na haba hujaza kibaba, nilisema,
nami sikufikiri kwamba kibaba chenyewe
hakichongwi watu wakiwa kwenye kupima.

Nikampigia Hamad, Chake.
"Weka asilimia kumi, uende ukanywe chai."
Asilimia kumi, Hamad?
Asilimia kumi ya kibaba ni punje,
asilimia kumi ya ghala ni ghala jingine.
Diski hii ni ndogo, na humo humo
limo daftari la miamala,
halijafanyiwa nakala tangu Mfunguo Mosi,
limevimba kama mtu aliyekula na hakuinuka.
Faili likiruka hatua moja ya namna hiyo usiku,
asubuhi hatuna pa kuandika hata jina la Shaame.

Akacheka. Kisha hakucheka.

Siku ile tulipima kwa kusitasita hadi magharibi.
Nilipobaki peke yangu na feni
nikatoa daftari la mkono, nikahesabu:
magunia ya msimu uliopita, mistari kwa kila gunia,
mikarafuu iliyozaa mwaka huu (watu wanasema imezaa vibaya mno,
maana yake imezaa sana),
nikaongeza na ya wale wasiosema.
Daftari la miamala nikalifanyia nakala, likapumua.
Faili nikalikuza mwenyewe, kwa mkono, mara moja:
gigabaiti nane.
Kule kujikuza sikukufuta. Nimekuacha
kama ndoo iliyojaa nyuma ya mlango wa jikoni:
megabaiti mia mbili hamsini na sita kwa hatua,
na mpaka juu, usivukwe,
na ujumbe uje kwenye simu yangu
kabla ya mpaka, si baada.

Kesho yake Shaame karudi na gunia la pili.
Risiti ikatoka kiganja hakijakunjuka.
Hakusema kitu juu ya mashine.
Aligombana na karani kuhusu robo kilo,
akashinda, akaenda zake.

Nimeandika ukutani kwa kalamu ya risasi:
nafasi iliyobaki, sabini na tisa kwa mia.
Kila Ijumaa nitafuta, nitaandika upya.
Nje wanaanika.
Jamvi ni kubwa kuliko karafuu,
kwa leo.