Milia juu ya Kioo

Umeå, Februari. Saa tisa alasiri, taa za barabarani zimeshawashwa.
Ameingia na theluji viatuni,
Joar Bäcklund, miaka ishirini na tisa, dereva wa malori ya magogo,
na juu ya mtulinga wa kushoto kitu kama yai la kware
alichokigundua mkewe akimfunga skafu.

Usimeze mate, nikamwambia. Usiongee.
Sindano yangu ni nyembamba kuliko ya kushonea vifungo,
haiombi ganzi, haiachi kovu.
Vidole viwili viliushika uvimbe usikimbie,
mkono wa pili ukavuta bomba,
mbele, nyuma, mbele,
kama atafutaye ufunguo gizani
katika mfuko wa koti la mtu mwingine.
Nilihesabu hadi kumi, nikatoka.
Kilichopatikana: tone moja la kijivu,
si kubwa kuliko chozi la mtu mbishi.

"Una uvimbe mahali pengine?"
"Hapana."
Haraka, kama mlango unaofungwa.

Tone nikalilaza kwenye kioo, kioo cha pili kikalipitia juu
polepole, maana seli hizi hazitaki ubabe:
ukizikandamiza zinapasuka,
vinabaki viini uchi na nyuzi zisizosema kitu.
Hewa ikaukausha utando. Nikauogesha rangi.

Halafu darubini.
Halafu kimya kile.

Seli kubwa za duara, kila moja peke yake
kama wageni wasiojuana katika ukumbi wa harusi,
na kati yao limfosaiti, vijitu vidogo vyeusi,
walinzi waliochelewa kufika.
Na nyuma yao wote, milia.
Milia, jamani! Zambarau, nyeupe, zambarau,
ngozi ya chui milia imetandikwa chini ya lenzi
katika mji ambao mkali wake ni mbu wa Julai.

Nilifurahi. Kisha nikaona haya kufurahi.

Droo ya chini kuna kioo kingine, cha mwaka wa tisini na moja.
Nilikisoma Ijumaa jioni, koti tayari begani,
nikaandika: limfoma.
Håkan akatiwa dawa isiyo yake wiki tano
kabla mwalimu wangu Ingegerd hajakichukua kile kioo
na kuuliza, bila kunitazama,
"Uliulizia huko chini?"
Sikuwa nimeulizia.
Huwa napita karibu na kanisa alikolazwa. Sisimami.

Nikarudi chumbani. Joar alikuwa amevaa nusu,
mkono mmoja umepotea ndani ya sweta.
Nikavuta kigoda, nikakaa chini kuliko yeye.
"Shingo imeshasema. Sasa sema wewe."
Alitazama kidimbwi kilichotoka viatuni mwake.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo ya mwanamume ina mfuko
ambao hata mkewe haonyeshwi.
"Ya kulia?"
"Kushoto."
"Tangu lini?"
"Tulipokuwa tunachuma beri za kinamasi. Agosti.
Ilikuwa ngumu tu. Haikuuma.
Nikadhani kisichouma hakina neno."

Huko sindano yangu haiendi.
Huko ni kazi ya kisu, kupitia kinena,
nisije nikazichongea seli njia nyingine.
Nikampa karatasi: damu, picha ya mawimbi ya sauti,
na simu ya benki inayogandisha mbegu kabla dawa hazijaanza,
kwani mficha uchi hazai,
naye alikuwa ameficha miezi sita.

"Nitakufa?"
Sisi watu wa vioo hatuapi.
Nilisema: huyu namjua kwa milia yake,
na ajulikanaye kwa milia, mkuki wake upo.
Wengi hurudi kazini.
Akauliza kama anaweza kuendesha lori Jumatatu.

Nje theluji ilikuwa inazifuta nyayo alizoingia nazo.
Nikaandika taarifa, mistari minne.
Neno seminoma nililisoma mara tatu,
nikarudi darubinini, nikalisoma tena,
kisha nikavaa koti.
Kisha, si kabla.