Mshika Kamba

Ghala la zamani la korosho, Chang'ombe. Feni moja.
Bati linatoa jasho kama sisi.
Mwajabu, fundi cherehani, kilo hamsini na moja,
amejifunga mfuko wa mchanga kiunoni
nisije nikamrusha kama tiara.

Nimekwama kwenye kishikio cha njano,
goti linashona bila uzi.
Chini kila mtu ni mwalimu:
mguu wa kushoto! si huo! pumua!
Yeye kimya, macho juu, kamba mkononi.
Suruali hii niliyovaa
aliishona yeye; bado sijamlipa.

"Naachia."
"Achia."

Kamba inakaza. Mchanga unaondoka sakafuni,
ndala za Mwajabu zinabaki zenyewe chini,
tunaning'inia, mdai na mdaiwa,
chaki ikitunyeshea wote wawili.