Swali la Sabini na Mbili

Saa nane usiku, bando la bei rahisi,
na Ng'ong'ona yote imelala isipokuwa upepo
unaopiga bati la jirani kama mtu anayedai kodi.
Nimekalia ndoo iliyopinduliwa,
laptopu kwenye stuli, miguu ndani ya blanketi.
Juni ya Dodoma haina huruma na vidole.

Swali la sabini na mbili:
umepewa safu ya namba, haina mpangilio.
Tafuta mbili ambazo jumla yake ni kumi na tisa.
Naandika kitanzi ndani ya kitanzi,
kila namba inampa mkono kila mwenzake,
kama msibani, mpaka mstari unaisha.
Jibu linatoka. Ni sahihi.
Halafu maandishi madogo ya kijivu:
je, inaweza kwenda haraka zaidi?

Mchana niko steshenari karibu na geti la chuo,
natoa kopi, najaza fomu za ajira za watu,
nabana vyeti vya wengine kwa pini.
Karatasi zilizoharibika sizitupi.
Mgongoni mwa barua ya mwalimu anayeomba uhamisho
nimechora mti, matawi mawili mawili,
mzizi juu, majani chini.
Mteja akauliza, "Huo ni ukoo wa nani?"

Mama alipiga simu kutoka Hombolo,
ametoka kupulizia zabibu dawa.
"Hayo maswali, ukiyamaliza, wanakulipa?"
"Hapana, mama. Ni mazoezi."
"Na majibu wanayo?"
"Wanayo."
Akanyamaza, dakika zake zikiliwa.
"Basi hao watu wana nafasi."

Jumapili Chilongani huja kujifanya msaili.
Tai ya kaka yake juu ya fulana,
simu mezani, dakika arobaini na tano, uso ameukunja.
"Sema unachofikiri. Usifikiri kimya."
Hapo ndipo ninapokwama.
Kwetu tulilelewa kinyume:
fikiri, meza mate, kisha sema kidogo.
Nafungua mabano, nasahau kuyafunga.
Dakika ya kumi na mbili ulimi ni ugali wa jana.
Anaandika kitu daftarini, hanioneshi.
(Baadaye nilichungulia. Alikuwa anachora mbuzi.)

Jumanne maji yakatoka.
Ndoo zikajipanga toka bombani hadi kwa fundi cherehani,
ya kwanza kuwekwa, ya kwanza kujazwa, hilo halina mjadala.
Kisha akaja Mama Mbeleje, mimba ya miezi minane,
na bila mtu kusema neno ndoo zikasogea.
Nikasimama na mfuniko mkononi,
nikapayuka mbele ya watu:
"Foleni ya kipaumbele!"
Mmoja akanijibu, "Sasa wewe tumbo hulioni?"

Usiku ule nikazirudia namba zangu.
Nikazikataza kupeana mikono.
Nikafungua daftari la madeni, kama la dukani kwa Mangi:
saba inadai kumi na mbili,
nne inadai kumi na tano,
na kila mgeni anayepita mlangoni
namwuliza mara moja tu: kuna anayekudai?
Kumi na mbili ilipofika, saba alikuwa ameshaandikwa.
Safari moja. Kitanzi kimoja.
Nilicheka peke yangu, kisha nikaona haya,
maana mtoto yeyote anayetumwa sukari kwa mkopo
angenieleza haya tangu Machi.

Usaili ni Alhamisi, saa tisa alasiri.
Luku nimeweka ya elfu tatu.
Mwenye nyumba ameahidi hatachomelea geti siku hiyo,
ingawa aliahidi akiwa ameshika mashine.

Sasa nimefungua la sabini na tatu:
malkia wanane, ubao mmoja,
asiwepo anayemfikia mwenzake.
Nimemweka wa kwanza pembeni. Nasema kwa sauti
kwa nini nimemweka pembeni. Namwondoa.
Nasema kwa nini nimemwondoa.

Ukuta unagongwa.
"Nyemo! Unaongea na nani saa hizi?"
"Nafikiri," nasema.
"Unafikiri ni nani?"