Upande wa Kushoto

Studio yangu iko orofa ya pili, Barabara ya Luthuli,
juu ya duka la spika linalotikisa sakafu tangu asubuhi,
kwa hiyo picha za viza huzipiga kati ya wimbo na wimbo.
Hapo ndipo mkono hutulia.

Ukutani nimebandika masharti kwa mwandiko wangu:
nyuma pawe peupe, pasiwe na kivuli;
masikio yote mawili yaonekane;
miwani mezani, kofia mezani;
macho wazi, mdomo ufungwe;
picha isizidi miezi sita.
Chini kabisa, kwa wino mwekundu: USITABASAMU.
Wino ulikuwa unaisha. Herufi za mwisho nilizikwaruza tu.

Mama Kageha alipanda ngazi Jumanne
na bahasha kwapani, na rula ya mtoto wa shule.
"Wamenirudishia," akasema. "Wanadai nacheka."

Nikaitazama picha. Niliipiga mimi.
Milimita thelathini na tano kwa arobaini na tano,
kidevu hadi utosi nilipima mara mbili,
na weupe wa nyuma, hata unyayo wa nzi ungeonekana.
Lakini kweli, upande wa kushoto, mdomo umepanda
kama pindo la pazia lililonaswa na msumari.

Hacheki.
Upande wa kulia ulilala mwaka juzi, usiku mmoja, bila kuaga;
wa kushoto ukabaki unavuta peke yake,
ng'ombe mmoja kwenye nira ya wawili.

"Keti," nikamwambia. "Fikiria jambo la huzuni."
Hapo akacheka kwelikweli, kicheko cha kooni
kilichofika nusu ya uso kikakwama.
"Lipi? Taja mwaka, nikuchagulie."

Akamfikiria marehemu mumewe. Mdomo ukapanda.
Akaufikiria moto wa Gikomba,
marobota yake kumi na moja ya mitumba,
sweta za watoto zikiyeyuka kama siagi. Mdomo ukapanda.
Akafikiria kodi ya nyumba.
Mdomo haukujali kodi.
Huko chini spika zikaingia pambio, taa ikatetemeka,
tukangoja.

Bintiye, Ayuma, ni muuguzi Turku,
kazaa pacha, wana wiki tano.
Nilionyeshwa kwenye simu: vichwa viwili, kofia moja ya buluu,
nyingine bado inafumwa, imo kwenye mkoba,
sindano zimechomeka.

Kwenye kompyuta ningeweza. Kazi ya dakika mbili:
kuishika ncha ya mdomo kwa kipanya
na kuishusha polepole, kama unayemlaza mtoto.
Wako wanaoongeza mia mbili nifute chunusi.
Mmoja aliwahi kuomba shingo.
Sijatamka neno, akausoma mkono wangu.
"Wacha. Kule uwanja wa ndege
wataiweka picha hapa, na mimi hapa.
Ukinishusha kwenye karatasi,
nani atanishusha mimi?"

Nikafunga studio saa tano mchana, jambo nisilofanya.
Tukaenda kwa daktari wa jengo la pili, orofa ya nne, lifti imekufa,
yeye akipumzika kila ngazi ya saba.
Daktari akaandika mistari mitatu, akagonga mhuri:
*Mwenye barua hii hatabasamu.*
Akaisoma kwa sauti. Akaniangalia.
Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Tukarudi, nikampiga jinsi alivyo.
Alhamisi akapeleka.
Majibu, walimwambia, siku kumi na tano za kazi.
Leo ya kumi na tisa. Simu yangu naiweka juu ya meza, uso juu.

Karatasi moja hutoa picha sita. Wao walitaka mbili,
tatu akaenda nazo.
Moja imebaki; nimeibandika ukutani, chini ya wino mwekundu,
na wateja, wakiisha kuvua miwani, huuliza:
"Na huyu je? Mbona yeye anacheka?"
Nangoja wimbo uishe,
ndipo niwajibu.