Mafuta ya Taa

Linatamkwa Rizling. Si Raizling.
Meneja alinisahihisha mara tatu mbele ya wageni,
ya nne akanisahihisha ndotoni.

Mgeni wa meza ya tisa, pale Msasani,
aliinusa glasi, pua ikakunjamana:
"Dada, hii imeingia mafuta ya taa. Rudisha."
Nikasema samahani. Samahani imo kwenye mshahara.
Lakini chupa haikuwa na kosa ila umri:
miaka kumi na minne gizani, imelazwa ubavu,
na divai hii ikishakula chumvi nyingi
ndivyo inavyonukia.

Kibwana Pazi wa jikoni hakuinua macho kwenye vitunguu.
"Iliyofunguliwa haina mwenyewe. Beba."
Nikaiviringisha kwenye aproni, nikarudi nayo Tandika
nimeikumbatia kama mtoto aliyelala.

Niseme ukweli: mimi na zabibu tunajuana.
Baba alikuwa na safu nane kule Hombolo.
Mnunuzi wa kiwandani alikuja kila mwaka
siku mbili baada ya nyuki.
Zilizopasuka tulikula sisi, midomo ikanata,
na usiku mama aliniwekea koroboi juu ya debe
nisome. Ba, be, bi. Masizi puani.
"Punguza utambi," alisema,
"mafuta hayaoti shambani."

Basi mgeni alinusa sawasawa.
Alichokosea ni kukunja pua.

Sina glasi yenye mguu. Nina kikombe cha bati
chenye ua jekundu na pengo.
Nikaanza na ubuyu: wakagombana papo hapo,
uchachu kwa uchachu, mafahali wawili.
Chipsi mayai zikapita bila hata kubisha hodi.
Mshikaki wa ng'ombe, ule wa kona,
ukaimeza divai nzima nzima
ukabaki unatafuna moshi wake.
Nikakaribia kuamini kwamba labda ni ya wenye meza.

Ndipo Siwatu wa chumba cha pili akaleta kisahani:
changu wa kupaka, tui zito, ukwaju,
pilipili mbuzi isiyo na huruma.
Nikala. Machozi. Nikanywa.

Pilipili ikakaa chini.
Haikuzimwa. Ilikaa tu, ikavua viatu.
Nazi iliyokuwa imejilaza ulimini
ikainuka, ikaaga vizuri.
Halafu, nyuma ya limau, nyuma ya asali,
ikaja ile harufu, nyembamba,
ya utambi uliopulizwa sasa hivi
na mtu ambaye bado yumo chumbani.

Kitabu cha meneja kinataja bata, kinataja jibini.
Changu hakimjui.

Siwatu hanywi. Alisogeza pua tu:
"Kunusa sidhani kama kunaandikwa."
Akafumba macho. Akakawia.
"Mbona kunanukia kwetu Kisiju,
kabla nguzo hazijafika?"
Hatukuongeza neno. Kichwa cha samaki tulikigombea,
mashavu akapata yeye.

Nimwambie meneja? Aandike nini kwenye menyu?
Chupa ile ni kodi yangu ya miezi miwili,
na changu yule, Siwatu alimpata kwa elfu nne
baada ya kutukanana na muuzaji
kwa upendo, asubuhi nzima.

Divai ilipokwisha aliiinua chupa kwenye balbu,
ndefu, ya kijani, mabega yameshuka.
"Kama huna kazi nayo, nipe.
Nina jiko langu la utambi,
na galoni la mafuta limeanza kuvuja."

Nikaisuuza mara mbili, nikampa.
Sijui kwa nini niliisuuza.