Masizi Huungua

Imeingia saa moja asubuhi, ikikohoa,
kamyo nyeupe ya Nawej, tela tupu,
matope ya Kasumbalesa mpaka kwenye vioo.
Taa ya njano inawaka mbele ya usukani:
kisanduku chenye vitone ndani,
kana kwamba mtu alichora mvua
kisha akaifungia.

"Siku tisa kwenye foleni," anasema.
"Hatua tatu, simama. Hatua mbili, lala.
Injini sikuizima. Usiku kuna wezi wa mazuti."

Namwelewa. Chujio halielewi wezi.
Chujio linataka barabara,
nusu saa ya mguu mzito,
bila kamba njiani, bila mtu wa karatasi,
moshi uchemke vya kutosha
kuuchoma uchafu wake wenyewe.
Gari la foleni halifiki huko.
Linafuka kama jiko la makala mabichi,
na kila pumzi inaacha weusi kwenye sega.

Sega, ndiyo. Mwaka jana nililipasua moja
nimwonyeshe Kisimba:
vitundu maelfu, hiki kimezibwa mbele, jirani yake nyuma,
moshi hauna njia ila kupenya ukutani.
Akaingiza kidole, kikatoka cheusi.
Akajipaka chini ya macho,
akasema leo anacheza fainali.
Ana miaka kumi na sita. Nilicheka hata mimi.

Patroni anapiga simu kutoka Likasi:
"Kata hicho kitu. Weka bomba tupu.
Hamsini zako hizo."

Nimeshakata. Sita, labda saba.
Sijivuni, siombi radhi,
watoto hawali chujio.
Lakini ng'ambo ya ukuta, hapa Katuba,
Mama Kabange huanika mashuka ya zahanati,
na siku ile nilipoikata kamyo ya Monga
na kuiwasha, ikajinyoosha, ikanguruma,
aliyafua mara mbili
wala hakusema neno.
Angetukana, ningesahau.

"Patroni," nasema, "mtandao unakatika."

Tunaisogeza mbali na nyasi kavu.
Ndoo ya mchanga. Kisimba, toka nyuma ya bomba.
Nachomeka mashine, nabonyeza ndiyo,
na injini inapanda yenyewe, hakuna mguu,
Nawej anaitazama pedali kama mtu
aliyemwona marehemu akipiga chafya.

Mia tatu.
Mia nne na themanini.
Inagoma hapo, inagoma, nakuna shingo,
mia tano na kumi,
mia sita.

Juu ya bomba hewa inatetemeka,
ukuta unaogelea, matofali yamekuwa maji,
na moshi hamna.
Dawa ya moto ni moto: nilifundishwa darasani,
nikaandika kwa kalamu ya risasi, nikapata tano kwa kumi.
Hakuna aliyeniambia ni somo la makanika.

Dakika arobaini. Taa imezimika.
Nawej anapiga kofi boneti, anataka soda kwa wote.

"Subiri," namwambia.
"Masizi yameungua. Majivu hayaungui mara ya pili.
Yamelala mle ndani, laini kama unga wa bukari,
kila safari yanaongezeka kijiko.
Siku moja tutalifungua, tulipulize kwa mkono,
na siku hiyo hakuna kitufe."

"Siku gani?"

Mashine inasema sitini na moja kwa mia.
Mwezi wa tatu ilikuwa hamsini na nane.
Namwonyesha. Anahesabu kwa vidole foleni
alizosimama tangu hapo,
vidole vinaisha, anaacha.

Ng'ambo ya ukuta Mama Kabange amekuja.
Anashika pindo la shuka,
analigeuza, upande huu, upande ule,
analinusa,
anaingia ndani.

Simu inaita tena. Likasi.
Kisimba ananitazama, mimi natazama kamba.