Chokaa Imehama

Mama aliteleza kizingitini asubuhi ya ukungu,
kikombe cha chai mkononi.
Kikombe hakikuvunjika.

Kiwiko kilivunjika, na mgongo, alisema,
ulilia kama kijiti kikavu.
Tukapanda Mbeya mjini, yeye mbele kwa dereva,
mimi nyuma juu ya magunia.

Daktari, binti mdogo, Gwantwa jina lake,
alibandika picha kwenye kisanduku cha taa.
“Huu ni mgongo.”
Nikaona ngazi iliyofutwa na mvua,
pingili kwa pingili, kijivu juu ya kijivu,
moja imebonyea kama boksi lililokaliwa.
“Na huu?”
Kidole chake kilishuka mbele ya uti
kikifuata mstari mweupe,
mweupe kuliko mfupa wowote wa mama.
“Huu ni mshipa mkuu utokao moyoni.
Haukupaswa kuonekana.”

Mimi ni mchoma chokaa wa Songwe.
Miaka kumi na tisa nalisha tanuru mawe,
inanikaa kwenye kope, kwenye mistari ya viganja,
naijua hata gizani, kwa ladha.
Nikaijua na pale.

Nikauliza: imetoka humu, ikaenda kule?
Daktari akacheka kidogo, akaacha.
“Si lori moja linalohamisha mzigo, kaka.
Ila mara nyingi tunavikuta pamoja:
mfupa ukipungua, mshipa unakakamaa.
Nani alianza, bado tunabishana.”

Mama alikuwa akiitazama plasta yake mbichi.
“Kwa hiyo chokaa ipo,” akasema.
“Haijapotea.
Imekosea nyumba tu.”

Njia nzima ya kurudi nilihesabu
mara alizosimama kwenye kile kipandio cha kisimani,
mkono kifuani, ndoo chini,
akijifanya anaangalia mahindi ya jirani.
Tulisema ni baridi ya Juni.
Tulisema ni mwili wa mtu mzima.
Mgongo wake ulipopinda kama nyengo
tulimkatia fimbo fupi zaidi,
na hakuna aliyeuliza habari za moyo,
maana nani huuliza habari za moyo
kwa mtu anayelalamikia mgongo?

Sasa ana vidonge vya asubuhi na vya usiku.
Anakula dagaa na vichwa vyao.
Anaota jua ukutani, ukuta nilioupaka mwenyewe,
na akisimama, kanga yake ina weupe nyuma.
Birika letu lina ukoko wa maji ya kisima;
naukwangua kwa kijiko, Jumapili,
taratibu, kuliko inavyohitajika.

Picha hakukubali iwekwe kabatini.
Jioni huiinua dirishani kwa mkono mzima,
na vilima vya Songwe vinapita katikati ya mbavu zake,
na moshi wa tanuru langu unapanda
kati ya pingili ya tatu na ya nne.

“Asajile,” huniita,
“punguza moto kidogo.”